Lydie Hakufika Luberizi

Siku ile mpumbavu alikuwa Zagabe, wala hatuna haja ya kumtafuta mwingine. Mwenyewe hakatai. Mkute leo mbele ya kanisa, umuulize nani aliharibu ile Jumamosi: atajigusa kifua kwa kidole kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango, halafu atacheka kicheko kinachoanza vizuri na kupotelea njiani.

Lakini hakuamka akiwa mpumbavu. Aliamka Zagabe wa siku zote, mtu wa ofisi, akajinyooshea shati kwa pasi ya makaa kwa sababu umeme wa Nyalukemba ulikuwa umekwenda matembezini. Kazi yake katika shirika moja la misaada ilikuwa kuhakikisha. Wenzake waligawa mbegu na majembe; yeye alipita nyuma yao vijijini akiuliza: mlipata kweli? Mlipata lini? Nani aliwaona? Mama wa watu akisema alipewa jembe, Zagabe aliomba aonyeshwe jembe. Na kama kazi yoyote inayomlisha mtu muda mrefu, ilimwingia mwilini. Nyumbani, mkewe Chancelle akisema visamaki vya sambaza vya leo vimetoka ziwani asubuhi, Zagabe alivinusa. Mtoto akisema mwalimu hakuja, alipiga simu shuleni.

"Siku moja utaniomba karatasi ya kuonyesha mimi njo bibi yako," Chancelle alimwambia.

"Iko mu sanduku," Zagabe akajibu, na wote wawili wakacheka hata kitoto Destin kikaamka mgongoni mwa mama yake.

Jumamosi hiyo ilikuwa ya Lydie. Lydie ndiye mke wa kwanza. Alifariki akijifungua, akaondoka na kile kichanga, akaacha nyuma binti asiyetimiza miaka mitatu, Gloire. Baada ya kilio, mama yake Lydie, Koko Adélaïde wa Bagira, alitaka kumchukua mjukuu. Familia mbili zilikaa, zikakubaliana mtoto abaki kwa baba yake, lakini bibi akaweka sharti mbele ya wote: "Akue anamujua mama yake. Siku nitakuta hamujue, nitamushika mukono tuende." Na katika ukoo ule, mtoto wa marehemu akikaribia komunyo ya kwanza, watu wa kwa mama yake wanakuja kumsikiliza akimtaja mama yake mbele ya wote, asije akaenda kumpokea Bwana kama mtu aliyeokotwa barabarani. Gloire sasa alikuwa na miaka tisa. Gauni jeupe lilikuwa kwa fundi. Na Bagira ilikuwa njiani, inashuka kuja.

*

Walifika baada ya misa ya kumbukumbu, Koko Adélaïde mbele katika kikwembe kipya kilichokuwa bado na mikunjo ya dukani, na nyuma yake mwanawe Cyprien, kaka ya Lydie, anayefundisha chuoni na kuongea kama mtu anayeogopa kuamsha wagonjwa. Bibi alisalimia kila mtu sebuleni, karibu asalimie na pazia, ndipo akamgeukia Chancelle.

"Ah. Na wewe uko."

"Niko, Mama. Karibuni."

"Picha ya mutoto wangu iko wapi?"

Picha ilikuwa ukutani, palepale ilipokaa miaka yote. Chancelle aliifuta vumbi asubuhi kwa mkono wake. Adélaïde alipitisha kidole juu ya fremu, akakitazama kidole. Hakikuwa na kitu. Akakifuta hata hivyo, kwenye kitambaa cha meza cha Chancelle.

Zagabe aliona. Mkwe ni mkwe. Mtu hamjibu mama mkwe sebuleni mbele ya watu. Lakini kile kidole kwenye kitambaa kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na mara tatu wakati wa chakula kikakaa tena: pale bibi aliposema bugali umepikwa na mtu mwenye haraka, pale alipoomba maji kwa Gloire ilhali Chancelle amesimama na jagi mkononi, na pale alipomwambia Cyprien, kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani, kwamba siku hizi hata mtumishi anapewa kiti. Chancelle hakuwa hata ameketi.

"Kaa basi, Maman Destin," Zagabe alimnong'oneza.

"Nikae wapi? Kiti zote ziko na maneno," akamnong'oneza naye, akaenda kuongeza mboga ya sombe.

Sahani zikaondolewa. Gloire akaitwa katikati. Alikuwa amesukwa nywele siku hiyo, mistari midogo iliyonyooka, na soksi nyeupe zimevutwa hadi magotini. Alianza kama watoto wanavyoanza shuleni, mikono imebanwa mapajani.

"Mimi ni Gloire, mutoto wa Papa Zagabe na marehemu Maman Lydie. Ninataka kusema vile ninakumbuka mama yangu." Halafu mabega yakalegea, na kilichofuata hakikuwa cha shuleni tena. "Mama alinipelekaka Luberizi. Kulikuwa joto! Kulikuwa mupunga mingi, na ndege, ndege, ndege, walikuja kula mupunga. Mama akanipandisha ku mabega, akanipa kopo na kijiti. Akasema, 'Piga, Gloire! Wakimaliza mupunga watatukula sisi!' Mimi nikapiga. Wote wakaruka mara moja, vile mutu anakung'uta shuka. Mama akashituka, akaanguka mu matope, na mimi juu yake. Alikuwa na matope mpaka mu masikio. Tukacheka, tukacheka, hakuna mwenye aliweza kusimama."

Sebule nzima ilicheka. Koko Adélaïde alianza kucheka pia, halafu uso ukamgeuka katikati ya kicheko, machozi yakaja.

"Mu masikio," alirudia. "Lydie wangu. Luberizi! Ndiyo, ndiyo! Korali yao ilikuwa inashukaka kule. Alinileteaka na muchele, nakumbuka mufuko, ilikuwa na kamba ya bluu." Hakuna mtu duniani aliyewahi kuuona mfuko huo, lakini ulishafika, na kamba yake. "Ulikuwa mudogo vile, na unakumbuka?"

"Ninakumbuka, Koko. Ninasikia mpaka harufu yake."

"Harufu ya nini, mutoto wangu?"

"Ya mama. Mawese na sabuni."

Bibi alifungua mikono, Gloire akaingia. Juu ya kichwa kile kilichosukwa, Adélaïde aliwatazama watu wote kwa zamu, hata Chancelle aliyesimama kwenye mlango wa jikoni na rundo la sahani kifuani. "Nimesikia," alisema. "Sina neno tena. Mutoto anamujua mama yake. Abaki kwao, akomunike kwao, na mimi nitamutafutia viatu."

Hapo ndipo mambo yalipokuwa yamekwisha, na yamekwisha vizuri. Mtu mwenye akili angeomba kahawa.

Zagabe alimtazama mkewe. Chancelle alikuwa anatabasamu, kidogo tu, akitazama chini kwenye sahani. Naye, mtu wa kuhakikisha, akalisoma lile tabasamu kama alivyosoma nyuso za vijijini miaka yote, akaona ndani yake mtu aliyeibiwa. Mwanamke huyu amefutiwa kidole kwenye kitambaa chake, amenyimwa kiti, na sasa anavuliwa hata matope yake! Hasira na haki zilimpanda kwa pamoja, na zikiwa mbili hivyo ni vigumu kujua ipi inaongea.

"Pardon, Mama," alisema, kwa sauti ya ofisini. "Kuna kosa kidogo pale."

"Kosa gani?"

"Lydie hakufika Luberizi. Hata siku moja. Kule ni kwao na Chancelle. Mwenye alianguka mu matope ni Chancelle. Mimi nilikuwa pale, njo nilimuvuta mukono. Gloire alikuwa na miaka ine, mama yake alikuwa amekwisha kutuacha. Mutoto amechanganya tu. Lakini kweli ni kweli."

Chancelle aliziweka sahani chini polepole, kama mtu anayeogopa zitapasuka zenyewe.

*

Adélaïde hakumwachia Gloire, ila mikono yake ililegea.

"Na ile ya surua?" aliuliza. "Aliniambiaka ku simu. Eti mama yake alilala chini pembeni yake, akamupepea usiku muzima, akamukuna mugongo na kikwembe ya kuloana."

Zagabe alitazama dari. Alikwishaona shimo, lakini mguu ulikuwa hewani. "Surua ilikuja kisha kilio, Mama."

"Na wimbo? Ile anaimba wakati wanamusuka nywele?"

Aliyejibu ni Cyprien, kwa ile sauti yake ya hospitali. "Ile ni Kifuliiru, luga ya kule Luberizi. Sikuzote nilijiuliza Lydie alijifunzia wapi Kifuliiru."

Gloire alikuwa amegeuza shingo. Alimtazama bibi yake, mjomba wake, halafu baba yake, kama mtoto anayefuata mpira kati ya watu wakubwa akisubiri umrudie.

"Papa, ile haikuwa mama?"

"Ilikuwa Maman Chancelle, chérie. Ulisahau tu. Iko muzuri, unaona? Maman Chancelle anakupenda tangu zamani."

"Yote?"

"Yote gani?"

"Ile yote ninakumbuka."

Kuna watu waliokuwa pale wanaosema Zagabe angeweza kudanganya hata wakati huo. Wanaosema hivyo hawakufanya kazi aliyofanya. "Ulikuwa mudogo sana," alisema.

"Basi mama yangu yeye alinifanyia nini?"

Zagabe alifungua mdomo. Alikuwa ameishi miaka mitano ya ndoa na Lydie; alijua ugomvi wake, kicheko chake, jinsi alivyolala amejikunja kama anaogopa kuchukua nafasi. Alitafuta kitu kimoja, kidogo, cha kumpa mtoto mkononi. Akakuta hakuna kilichokuja.

"Alikuzaa," alisema.

Gloire aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu aliyepewa chenji pungufu na hataki kugombana na mwenye duka. Soksi moja ilikuwa imeshuka. Hakuipandisha.

Koko Adélaïde alisimama. "Niletee nguo za mutoto."

"Mama, tukae, tuzungumuze…"

"Tulikwisha kuzungumuza, siku ya kilio. Nilisema neno moja, na wewe uliitika. Nimekuja, nimemukuta hana mama yake hata kidogo. Hata kipande! Mulimufuta mutoto wangu mpaka akaisha." Akamgeukia Chancelle. "Wewe uko na wako pale mugongoni. Huyu uniachie."

Chancelle ndiye aliyefungasha. Alikunja kila nguo kama mtu anayekunja kwa ajili ya ndoa, akaweka na kitana, na mafuta ya nywele, na ile sare ya shule iliyokuwa bado na unyevu akaifunga peke yake isilowanishe nyingine. Gari la Cyprien lilipoondoka, alirudi ndani akaosha sahani zote, hata zile ambazo hazikutumika.

*

Zagabe alingoja ugomvi. Ni mtu anayeujua ugomvi na kuuheshimu: unakuja, unapiga kelele, unaondoka, mnakula. Lakini Jumapili ilipita bila ugomvi, Jumatatu ikapita, na nyumba ikawa na ukimya wa mtu anayehesabu kichwani.

"Nilikutetea," alisema Jumanne mezani.

"Kula, itapoa."

"Yule mama alifuta kidole ku kitambaa chako! Mbele ya watu! Na mimi niendelee kukaa kama kiti?"

"Kitambaa nilikwisha kufua."

"Chancelle. Ulikuwa unajua? Ulikuwa unajua mutoto anachanganya?"

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu alianza." Alikuwa anamlisha Destin, kidole kimoja chini ya kidevu cha mtoto. "Mara ya kwanza alikuwa na miaka tano. Nilikuwa ninapika ku mbabula, yeye anacheza pembeni na makala baridi. Akaniambia, 'Maman Chancelle, wewe haujui, mama yangu alinikunaka mugongo siku ya surua.' Akaniambia vile. Mimi!"

"Na haukusema?"

"Niseme nini?"

"Useme ni wewe!"

Chancelle alimfuta mtoto mdomo, akainuka kwenda kuangalia kama maji yamekuja bombani. Hayakuwa yamekuja. Alisimama kule nje muda mrefu akisikiliza bomba tupu.

Simu kutoka Bagira ilikuja Alhamisi jioni. Zagabe alikuwa amepiga kila siku, na kila siku bibi alisema mtoto anasali, mtoto anaoga, mtoto amekwenda kuchota. Sasa mtoto mwenyewe alipiga, kwa simu ya Cyprien.

"Papa, nilikuwaka na gauni ya manjano?"

"Ndiyo, chérie! Ya Noeli. Ulilala nayo."

"Ni kweli ao waliniambia?"

"Ni kweli."

"Na siku mutumbwi iligeuka ku ziwa, watu wakaogelea wanacheka. Nilikuwa pale?"

Zagabe alifungua mdomo kusema ndiyo, halafu akasita. Alikuwa pale yeye. Gloire je? Au alimsimulia tu usiku ule, na mtoto akajiweka mwenyewe kwenye jiwe la ufukweni, pembeni ya baba yake? "Ulikuwa pale," alisema.

"Uko na hakika, Papa?"

Lilikuwa neno lake, la kazini. Alilisema mara ngapi kwa wazee waliosimama mbele ya nyumba zao na jembe mkononi, wanatafuta namna ya kuthibitisha kwamba walipewa walichopewa.

"Niko na hakika."

"Na Destin ni kadogo kangu? Ile ni kweli?"

Hakujua Chancelle amesimama nyuma yake mpaka aliposikia pumzi yake ikikatika.

*

Jumapili walipanda Bagira wote watatu. Nyumba ya Koko Adélaïde ilikuwa palepale, ndogo, na matuta yake ya mboga za lengalenga yamefika hadi mlangoni. Bibi aliwapa viti, hata Chancelle, na hilo lilimtia Zagabe matumaini ya kijinga. Gloire alitoka ndani, akamkumbatia baba yake, akamshika Destin mguu, kisha akasimama mbele ya Chancelle na mikono kando, kama mtu aliyefika mlangoni na kusahau jina la mwenye nyumba. Chancelle alimnyooshea ukosi wa gauni. Basi.

"Mumusikie," alisema Adélaïde. "Wiki moja tu. Gloire, mama yako alikuwa mutu wa namna gani?"

"Alikuwa mupole. Hakupandisha sauti hata siku moja."

"Alipenda nini?"

"Alipenda kanisa, na masomo, na Koko."

"Na mwisho alisema nini?"

"Alisema, 'Mama, umutunze mutoto wangu.'"

Mtoto alisema yote vizuri, bila kukosea, kama amri za Mungu. Hapakuwa na matope mahali popote.

Zagabe alitazama matuta. Kwenye uwanja huu huu Lydie alipiga kelele hadi watu wa barabarani wakasimama, siku alipoacha masomo ya uuguzi ili aolewe naye. Yeye na mama yake hawakusemezana mimba yote ile ya mwisho. Lydie alipokuwa akikata roho, Adélaïde alikuwa hapa Bagira, akingoja aombwe msamaha. Aliletewa habari na mtu wa pikipiki. Zagabe alimtazama bibi yule, macho yake makavu, yameng'aa, yanaamini kila neno. Akili ilimwambia: hakikisha. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, alinyamaza.

Badala yake akataka kuchangia. "Gloire, nikuelezee na mimi? Siku nilianza kumupenda mama yako, tulikuwa tunakwenda Goma. Alichelewa. Mashua ilikwisha kufungua kamba. Yeye akavua viatu, akakimbia ku ngazi na viatu mu mukono, akaruka! Watu wote wakapiga makofi. Nilisema, huyu njo bibi yangu."

Gloire alikuwa amesogea, midomo wazi. Lakini Cyprien, aliyekuwa amekaa pembeni akimenya ndizi, aliinua kichwa.

"Ile ilikuwa Jeanine, shemeji," alisema kwa upole. "Rafiki yake. Lydie alikuwa amekaa ndani pembeni yangu. Aliogopaka maji, alifumba macho mpaka tukafika. Jeanine njo aliruka."

"Hapana, Cyprien. Nilimuona. Viatu vilikuwa vyekundu."

"Vyekundu, ndiyo. Vya Jeanine."

Zagabe alitaka kubisha, akaingia ndani ya kichwa chake kuutafuta uso. Aliona ngazi, aliona viatu, aliona sketi ikipepea. Uso ulikuwa ule wa picha ya ukutani. Kwa zaidi ya miaka kumi na moja alikuwa amempenda Lydie kwa mruko ambao hakuuruka. Alikaa pale na mikono tupu magotini, na kwa dakika nzima akajua jinsi ilivyokuwa kwa Gloire ile Jumamosi.

Gloire alirudi nyuma alipokuwa amesimama. "Basi ile nayo hapana," alisema.

"Tumalize," alisema Adélaïde. "Mimi si jela. Mutoto yuko na mudomo. Gloire, unataka kurudi Nyalukemba, ao unabaki kwa Koko?"

Chancelle aliacha kumtikisa Destin. Mtoto wa miaka tisa alitazama mlango, akatazama matuta, akatazama mikono ya Chancelle. Kwa muda kidogo kulikuwa na kitu usoni mwake, kama mtu anayesikia wimbo kutoka nyumba ya tatu. Halafu kikaondoka.

"Sijue," alisema. "Mimi ninachanganya vitu. Mumuulize Papa, yeye njo anajuaka."

Papa hakujua.

"Basi anabaki," alisema bibi. "Atakomunika hapa Bagira. Mutaniletea gauni."

*

Mgeni husindikizwa, hata aliyeshindwa. Koko Adélaïde alifunga kikwembe vizuri akatoka nao hadi barabara kubwa, Gloire akaachwa nyumbani na Cyprien. Walitembea, ziwa limelala chini kabisa, rangi ya sufuria. Pale magari yanaposimama, Zagabe hakuweza kuvumilia tena.

"Mama, mimi sikufanya ubaya. Nilisema kweli tu."

"Na mimi nakushukuru kwa kweli yako," Adélaïde akajibu. "Bila wewe wangenichekea mpaka kaburini. Bora nimejua: mutoto wangu hakuwa na kitu mu kichwa cha mutoto wake. Hakuwa na kitu! Yote ilikuwa ya huyu." Akamwonyesha Chancelle kwa kidevu, bila kumtazama.

"Njo ninasema!" Zagabe alimgeukia mkewe, karibu na furaha, kama mtu aliyepata shahidi. "Yote ilikuwa yako, Chancelle. Surua yako, nywele zako, Luberizi yako. Ulikesha wewe, ulianguka wewe, na mwingine anapewa sifa, na watu wanakunyima mpaka kiti mu nyumba yako. Nilitaka upate haki yako. Ningenyamaza?"

Chancelle alisimama. Alimpandisha Destin mgongoni, akakaza kikwembe kifuani, fundo la kwanza, la pili. Alianza na bibi, bila kupandisha sauti.

"Alikuwa na kitu, Mama. Lydie alikuwa na vingi. Mimi nilivipatia Gloire, na Gloire akavipatia mama yake, na vilikuwa vinamukaa muzuri."

Halafu akamgeukia mumewe.

"Na wewe, ni nani alikutuma uende kunyang'anya maiti?"